Breki ya Mwalimu

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, nyingine iko chini ya mguu wa mwalimu, upande wa abiria, na hiyo ya pili ndiyo iliyonilisha kwa miaka kumi na tisa. Mwalimu anayejua kazi hakai kama abiria. Kisigino kiko sakafuni, vidole viko juu ya pedali, na hata akipiga soga na mwanafunzi mguu hautoki pale. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba hata tukiwa sebuleni mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia kila mara mtu kwenye televisheni akikata kona.

Nayasema haya mapema ili nisije nikaonewa huruma nisiyostahili. Jumapili ile, saa nne asubuhi, mguu wangu ulikuwa mahali pake. Haukuteleza wala haukufa ganzi. Ulikuwa juu ya breki, na sikuikanyaga.

Aliyeshika usukani alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mwanamume wa miaka arobaini na miwili mwenye watoto watatu na kipara kinachoanza. Shule tuliianzisha pamoja. Wanafunzi walimbandika jina la Gia Tano, na lilimkaa vizuri, maana hajawahi kukutana na barabara iliyonyooka akaipita kwa amani. Miaka miwili kabla ya hapo alikamatwa akishindana na mtu kwenye barabara ya viwandani. Mahakama ikamtoza faini, ikamfungia leseni mwaka mzima, na ikaamuru kwamba mwaka ukiisha arudie mtihani kama mtoto aliyemaliza shule jana. Basi mwalimu wa udereva akawa mwanafunzi wa udereva, na mwalimu wake nikawa mimi. Nilimwambia mganga hajigangi, panda gari. Tulicheka sana siku hiyo, lakini kibao cha L kilichokuwa juu ya paa Jumapili ile kilikuwa chake kwa amri ya mahakama.

Tulikuwa tunatoka kwenye mazoezi ya kuegesha. Barabara ilikuwa ile mpya ya njia nne, ambayo Jumapili asubuhi huwa haina watu. Taa nyekundu ikatusimamisha, na kando yetu likaja kusimama gari la shule nyingine, nalo lina kibao chake kichwani. Ndani alikuwamo Profesa, peke yake. Huyu si profesa wa chochote. Alijipa cheo hicho mwenyewe alipofungua shule yake mtaa wa pili kutoka kwetu, na kwa miezi minane alikuwa akiwaambia wazazi kwamba kwetu watoto wao watafundishwa na mhalifu. Wanafunzi wengi tuliwapoteza kwa ule mdomo. Akashusha kioo, akakitazama kibao chetu, akamtazama mdogo wangu, kisha akasema na mimi, kana kwamba mwenzangu ni mzigo niliobeba.

"Mwalimu, huyo mwanafunzi wako akifika gia ya pili, nipigie simu."

Taa ikawa kijani.

Kutoka taa zile hadi kwenye mzunguko ni mita mia tisa. Trafiki walipima baadaye kwa utepe. Magari mawili ya shule, yenye injini za kuendea sokoni, letu limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu "Mwenda pole hajikwai", yalikimbizana mita mia tisa hizo sambamba kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Mtaani walicheka wiki nzima na siwalaumu. Karibu na mzunguko muuza mikate alikuwa anavuka akisukuma baiskeli yenye kreti tatu nyuma. Hatukumgonga, na Profesa pia hakumgonga. Alipotuona tunamjia wawili sambamba alijirusha pembeni, akaangukia mkono wa kulia, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Mdogo wangu alifunga breki yake mwenyewe, tukaenda kusimama mbele kabisa, na mikate ikawa imetapakaa njia zote.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilivua kitambaa changu cha kichwani nikaufunga mkono wake, nao ulikuwa umeanza kuvimba. Yule baba hakulia. Alinitazama tu usoni, akanitazama mno, hata nikakwepesha macho. Trafiki hawakuwa na haja ya kuitwa. Gari lao lilikuwa limeegeshwa palepale kwenye mzunguko.

Kituoni, askari aliyeandika maelezo aliniuliza swali moja ambalo mtu yeyote wa kazi yangu angeuliza. Breki ya mwalimu ilikuwapo, mwalimu alikuwapo, kwa nini haikukanyagwa? Nikajibu kwamba niliogopa nikaganda. Akaandika "aliganda", akapiga mstari chini yake. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi nyuma yangu akingoja zamu. Alisikia, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Ulikuwa uongo mtupu. Sikuogopa hata chembe. Gari la Profesa lilipoanza kurudi nyuma, kwanza kioo chake, kisha mlango wake, kisha taa zake za mbele, nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nizikwe na majukumu, na nilicheka kwa sauti. Mdogo wangu hakusikia kwa sababu ya kelele za injini. Lakini kioo cha mbele cha gari huonyesha walio ndani, na mtu aliyekuwa barabarani alikuwa anatazama upande wetu.

Wakili tuliyempata alikuwa binti wa watu, umri wa mwanangu kama ningekuwa na mwana, ofisi yake ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Hakuwa na maneno ya kubembeleza. Alitusomea mashtaka huku akigeuza kurasa kwa kifutio cha penseli. Kushindana kwa magari kwenye barabara ya umma ni kosa kwa anayeendesha, kwa anayeandaa na kwa anayeruhusu. Kwa mdogo wangu hapakuwa na njia ya kutokea, alikwisha kukiri, na kwa kuwa lilikuwa kosa la pili ndani ya miaka mitano, faini haikuwapo tena. Ni jela, isiyopungua miezi sita, na gari linachukuliwa na serikali. Muuza mikate asingeumia, labda ingeishia hapo kwenye sita.

Kisha akanigeukia. Sheria inamhesabu anayemsimamia mwanafunzi kuwa naye ni dereva. Mahakama ikiamini kwamba sikuweza kuzuia, nitaachiwa. Ikiona kwamba niliweza nikaacha, nitanyang'anywa kibali cha kufundisha maisha yangu yote, na shule itafungwa nami, kwa sababu shule haiendeshwi bila mwalimu mwenye kibali na kwetu alikuwa amebaki mmoja tu. Wanafunzi ishirini na sita walikuwa katikati ya mafunzo. Jina la shule ndilo kitu pekee ambacho mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekijenga wenyewe duniani.

"Uliganda, sivyo, Mwalimu?" akauliza, kalamu ikisubiri.

Nikasema ndivyo.

Akaniambia basi tatizo ni moja. Muuza mikate hajaandika maelezo marefu kwa sababu mkono ulio kwenye plasta ndio wa kuandikia, kwa hiyo yote aliyoyaona atayasema siku ya kesi. Tangu dakika ile chakula kilinishinda.

Zilibaki siku kumi na moja kabla ya kesi. Kibali changu kilikuwa kimeshikiliwa, kwa hiyo sikuruhusiwa kufundisha barabarani. Nilishinda darasani nikifuta vumbi kwenye ile meza ya barabara tunayofundishia, yenye vigari vya plastiki na mizunguko ya rangi. Kila asubuhi saa tatu mdogo wangu alikuja. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakigusa kidevu, akaomba msamaha. Siku ya kwanza alisema kwa ufupi. Siku ya tatu alisema kwamba kinachomtesa si jela, ni kule kujua kwamba dada yake alikuwa ameganda kwa hofu pembeni yake na yeye hakugeuza hata shingo. Siku ya tano alinikumbusha kwamba nilimbeba mgongoni mama alipokuwa hospitali. Mkewe alinipigia simu akasema hali chakula usiku wala mchana, na kwamba akilala anastuka akiita "dada".

Mimi nilimmiminia chai nikamwambia yamekwisha, mdogo wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Nilisema kwa upole sana. Nilijua kwamba neno moja tu lingemtua mzigo ule, na kila asubuhi nilijiambia nitamweleza kesho, kesi ikipita, maana mdomo wake haujawahi kutunza siri na angeropoka mbele ya wakili. Sababu nilikuwa nazo tele. Mwongo hakosi sababu.

Kwangu mwenyewe hofu ilikuwa na uso wa muuza mikate. Nilimwona kila nilipofumba macho, anavyonitazama. Siku ya nane nilishindwa, nikaenda kwake. Nilijidanganya kwamba naenda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya tanuri la mikate, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, akimwelekeza mkewe namna ya kupanga kreti. Nilimuuliza hali, akajibu nzuri. Nilimuuliza kama mkono unauma, akasema kidogo. Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyesahau kuachia klachi. Mwishowe akasema, "Tutaonana mahakamani, Mwalimu," na sikuweza kujua kama ni salamu au ni kitisho.

Wakili aliposikia nilikoenda alinyanyuka kutoka kitini. Aliniuliza kama nataka kuongezewa shtaka la kumvuruga shahidi, ambalo nalo lina kifungo chake, na kama wazee wote wa mtaani kwetu wana akili hizo. Niliomba radhi kwa mtoto wa miaka ishirini na tisa. Niliporudi nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni nikihesabu siku zilizobaki.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko darasa letu. Feni ilizunguka bila kuleta upepo, na karani aliita majina kwa sauti ya mtu anayeuza tiketi. Profesa alikuwa amekwisha kumalizana na hakimu wiki iliyotangulia. Kwake lilikuwa kosa la kwanza, na alikiri, akapata faini, na leseni yake ikafungiwa mwaka. Alikuja kusikiliza yetu, akakaa nyuma kabisa.

Muuza mikate aliapa kwa mkono wa kushoto. Mwendesha mashtaka akamwongoza hatua kwa hatua hadi pale alipotuona tunamjia, kisha akamuuliza aliona nini ndani ya gari letu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, na nilikuwa nimeibana hata kucha zikaacha alama.

"Niliona magari," akasema. "Watu sikuwaona. Gari likikujia hivyo hutazami aliye ndani."

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anamfahamu mshtakiwa wa pili, yaani mimi. Akasema ananifahamu, huyu mama ndiye aliyemfunga mkono kwa kitambaa chake. Akaongeza kwamba alinitazama sana siku ile ili anishike sura, aje anishukuru, na siku nilipokwenda kumjulia hali aliona haya kunishukuru mbele ya mkewe, ambaye alikuwa amekasirika.

Wakili alinigusa kiwiko chini ya meza. Nilikuwa nimeokoka. Badala ya kufurahi niliona aibu ikinipanda shingoni hadi masikioni, lakini sitadanganya, chini ya aibu ile kulikuwa na ahueni, na nilianza kufikiria namna ya kuwapigia simu wanafunzi ishirini na sita.

Mwendesha mashtaka hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayeongea kama anayeuliza njia. Alimsimamisha mdogo wangu na kusema kuna jambo halimwingii akilini. Mwalimu huyu ana miaka kumi na tisa kazini. Kazi yenyewe ni kukanyaga pedali moja kabla mjinga hajaua mtu. Mashindano yalichukua karibu sekunde arobaini. Je, mtu wa namna hiyo anaganda sekunde arobaini nzima? Ulimwona akiganda?

Mdogo wangu alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Hakuganda," akasema. "Alikanyaga. Breki yake nilikuwa nimeichomoa asubuhi, yeye hajui."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, aliacha kuandika. Alimuuliza mbona mkaguzi wa magari aliikuta breki inafanya kazi. Mdogo wangu akasema ni pini moja tu inayoshikilia fimbo ya pedali, aliirudisha watu walipokuwa wanashughulika na majeruhi. Alieleza vizuri, hadi upande pini inakoingia. Mtu asiyemjua angeamini, na hata mimi niliyemjua nilikaribia kuamini.

Hakimu akamwambia ajibu taratibu kwa sababu jibu litaandikwa. Anafahamu kwamba kuharibu kifaa cha usalama kwenye gari la mafunzo ni kosa jingine, kifungo chake hadi miaka mitatu, na kwamba hutumikiwa baada ya hiki cha kwanza, si pamoja nacho?

"Nafahamu, Mheshimiwa."

Hakunigeukia. Nilimwona kisogo tu, na kola ya shati ambayo mkewe alikuwa ameipiga pasi hadi ikasimama. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka minne. Wakili akaninong'oneza, mdomo karibu na sikio langu, "Kaa kimya. Usiguse kitu chochote."

Ningependa kusema nilisimama mara moja. Nilikaa. Nilimsikiliza karani akigonga mashine, nikafikiria darasa, meza yenye vigari, jina letu juu ya mlango. Nilifikiria kwamba ni yeye aliyekanyaga mafuta. Nilifikiria kwamba yeye ni mwanamume na jela atastahimili. Yote hayo yalipita kichwani mwangu, na niliposimama wakili akadhani nataka kwenda chooni.

"Mheshimiwa, anadanganya," nikasema. "Breki ilikuwa nzima. Mguu wangu ulikuwa juu yake."

Hakimu akaniuliza kama ninataka kusema niliganda.

"Sikuganda. Sikukanyaga kwa sababu tulikuwa tunashinda."

Hakuna aliyecheka, hata Profesa. Karani peke yake aliomba nirudie, nikarudia, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Hukumu ilisomwa saa nane mchana. Mdogo wangu alipewa miezi minane kwa mashindano na kwa mkono wa muuza mikate; lile la breki hakimu alilifuta, akamwonya kuhusu kudanganya chini ya kiapo. Gari likawa la serikali. Mimi nilipigwa faini, nikafungiwa leseni ya kuendesha miaka miwili, na kibali cha kufundisha nikanyang'anywa moja kwa moja. Shule ifungwe ndani ya siku saba. Wakili alikusanya karatasi zake bila kunitazama, akasema kwamba katika kazi yake hajawahi kuona mtu akishinda kesi kisha akaikimbilia kuipoteza.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye korido, ameketi kwenye benchi na pingu mikononi, askari pembeni yake akijaza fomu. Nilienda haraka. Nilikuwa nimetoka kumwondolea miaka mitatu, na moyoni, nakiri, nilikuwa natarajia neno la asante. Aliinua uso. Alikuwa amelia, lakini macho yalikuwa makavu sasa, na yalinitazama kama mtu anayesoma jina la mtaa asioujua.

"Siku kumi na moja, dada," akasema. "Kila asubuhi nakuja nakuomba msamaha, wewe unanimiminia chai. Kwa nini uliniacha niombe?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la aibu: kuombwa msamaha kulikuwa kutamu. Kabla sijalitamka askari alimaliza fomu yake, akamgusa begani, nao wakashuka ngazi.